King'ora si ushahidi

Mnamo mwezi wa Januari mwaka wa 2011, katika mji wa Scottsdale, jimbo la Arizona nchini Marekani, ambulensi moja ya rangi ya kijivu ilipigwa mnada mbele ya umati wa wapenzi wa magari makuukuu. Ilikuwa Pontiac Bonneville ya mwaka wa 1963, na sifa yake ilikuwa imetangulia kutangazwa kila mahali. Ilidaiwa kwamba hiyo ndiyo iliyoubeba mwili wa Rais John F. Kennedy usiku wa Novemba 22, 1963. Nyundo ya dalali ilipogonga meza, bei ilikuwa imefika dola 120,000 za Kimarekani. Ada za mnada zilipojumlishwa, gharama yote ikawa dola 132,000.

Linalopasa kumshangaza msomaji si ukubwa wa fedha hizo, kwani matajiri wa dunia wamezoea kulipa zaidi ya hizo kwa vitu vidogo kuliko gari. La kustaajabisha ni kwamba siku chache kabla ya mnada huo, vyombo vya habari vilikuwa vimekwisha kutangaza kuwa ambulensi halisi ya Kennedy iliangamizwa mwaka wa 1986, na picha za kuangamizwa kwake zilikuwa zimechapishwa kwa kila mtu kuziona. Mnada uliendelea hata hivyo, na mnunuzi akapatikana.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinatufundisha jambo ambalo walimu na wanafunzi wetu hulikabili kila siku bila kulipa jina. Je, tunajuaje kwamba kitu ndicho kile kinachosemwa kuwa ndicho? Na tukishajua, thamani yake tunaipima kwa mizani gani? Magari yaliyostaafu kutoka katika huduma za dharura, yaani ya polisi, ya zimamoto na ya wagonjwa, yanafaa sana kwa mtihani huo. Ni vyombo vya kawaida vilivyowahi kuwapo mahali ambapo maisha ya watu yalikuwa hatarini. Chuma chake ni kama chuma cha gari lolote. Tunachokinunua ni habari yake, na habari ni kitu chepesi kughushi.

Hebu kwanza tuitazame habari yenyewe. Kennedy alipigwa risasi mjini Dallas, Texas, akatangazwa kufariki katika hospitali ya Parkland. Jeneza lake lilichukuliwa na gari la mazishi, Cadillac nyeupe ya mwaka wa 1964, hadi uwanja wa ndege wa Love Field, likapandishwa katika ndege ya rais. Jioni hiyo ndege ilitua katika kituo cha jeshi la anga cha Andrews, jimbo la Maryland. Hapo ndipo jeneza lilipoingizwa katika ambulensi ya kijivu ya Jeshi la Wanamaji. Mjane, Jacqueline Kennedy, na shemeji yake Robert Kennedy waliingia humo humo, wakaandamana na maiti hadi hospitali ya jeshi hilo huko Bethesda, ambako uchunguzi wa daktari ulifanywa. Mamilioni ya watu waliliona gari hilo katika televisheni.

Baada ya miaka mingi ambulensi hiyo ilifika mikononi mwa Maktaba ya Rais Kennedy mjini Boston. Wakuu wa maktaba hawakutaka iwe kioja cha kutazamwa na watu wenye tamaa ya kuona mahali palipolala maiti. Kwa hiyo mwaka wa 1986 ilipelekwa katika mtambo wa kusaga vyuma, ikapondwa. Lakini waliofanya hivyo walikuwa watunzaji wa kumbukumbu kwa kazi yao, na jambo hilo halikupita bila kuandikwa na kupigwa picha. Gari likatoweka, karatasi zikabaki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mambo yaligeuka: mali ilipotea, daftari likasalia, na robo ya karne baadaye ndilo lililosimama kushuhudia. Ikiwa gari lilipondwa Boston mwaka wa 1986, haliwezi kupanda jukwaani Arizona mwaka wa 2011. Mimi simshutumu aliyeliuza, kwani huenda naye aliuziwa imani kama alivyoiuza. Hata hivyo naona kuwa, kwa mizani ya ushahidi, picha na hati za maktaba zina uzito kuliko rangi ya kijivu.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2012, mnada huo huo uliuza lile gari la mazishi la Dallas, ambalo kumbukumbu zake hazikuzua ubishi wa namna hiyo. Bei yake ya nyundo ilikuwa dola 160,000. Basi linganisha, ndugu msomaji. Gari lenye ushahidi lilipata 160,000, na gari lililotiliwa shaka mbele ya dunia nzima likapata 120,000, yaani robo tatu ya bei ya mwenzake. Magari hayo mawili si sawa kwa kila hali, na sidai kwamba hesabu hiyo ni sheria ya soko. Hata hivyo inatuonyesha kwamba bei peke yake haiwezi kuwa shahidi. Soko hulipia ukweli, na pia hulipia tamaa ya kuamini. Anayesema kuwa kitu lazima kiwe halisi kwa sababu kimenunuliwa ghali ameiweka mikokoteni mbele ya punda.

Halisi huwa uchi, bandia huvaa

Ugumu wa kuyapambanua magari ya dharura unatokana na jinsi yanavyozaliwa na jinsi yanavyostaafu. Gari la polisi la Marekani aghalabu huzaliwa kiwandani pamoja na ndugu zake wa kiraia. Ford Crown Victoria ya polisi, iliyotengenezwa hadi mwaka wa 2011, ilikuwa na umbo lile lile la Crown Victoria aliyoiendesha mzee aliyestaafu kazi ya benki. Chevrolet Caprice ya polisi, ambayo utengenezaji wake ulikoma mwaka wa 1996, ilifanana vivyo hivyo na teksi na magari ya familia. Tofauti zilifichika ndani: springi ngumu zaidi, breki imara zaidi, mfumo wa kupoza injini wenye nguvu zaidi, na mita ya mwendo iliyothibitishwa usahihi wake ili ushahidi wa polisi usikataliwe mahakamani.

Wakati wa kustaafu ukifika, idara nyingi huyavua magari hayo kila kinachoonyesha mamlaka. Taa za juu hung'olewa, king'ora huondolewa, redio hutolewa, maandishi ya milangoni hubanduliwa. Sababu yake ni dhahiri, kwani hakuna serikali inayotaka mhalifu aendeshe gari litakalowasimamisha raia barabarani. Kwa hiyo gari halisi la polisi linapofika mnadani huwa limebaki na makovu tu: matundu ya skrubu yaliyozibwa kwenye paa, tundu la taa ya kumulikia kwenye nguzo ya kioo cha mbele, kivuli cha maandishi ambapo jua halikuichoma rangi, sakafu ya mpira badala ya zulia, na milango ya nyuma isiyofunguka kutoka ndani.

Kinyume chake, gari la kubuniwa huja limekamilika. Lina taa zinazozunguka, lina nembo zinazometa, na king'ora chake husikika kutoka mbali. Lakini vitu hivyo vyote hununuliwa kimoja kimoja na kufungwa na fundi yeyote stadi kwa siku mbili tatu. Debe tupu haliachi kuvuma. Mwenye kuchunguza magari haya hujifunza upesi kwamba kilicho rahisi kuongezwa hakithibitishi chochote, na kwamba lile tundu dogo lililozibwa vibaya lina maneno mengi kuliko taa kubwa iliyo juu yake. Wasemao kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza wakumbuke kuwa katika biashara hii bandia ndiyo inayoweza kujiuza kwa uzuri wake, na halisi ikalazimika kujitembeza.

Mashahidi watatu

Kwa maoni yangu, kuna mashahidi watatu wa kuitwa gari la namna hii linapodaiwa kuwa na historia, nao ni mwili wake, nambari yake na karatasi zake. Kila mmoja anajua jambo fulani, na kila mmoja ana mpaka wa ujuzi wake.

Shahidi wa kwanza ni mwili. Makovu niliyoyataja hueleza kwamba gari lilifanya kazi, na mara nyingine kazi ya aina gani. Lakini hayataji jina. Tundu kwenye paa halisemi kama taa ilikuwa ya polisi wa Chicago, ya walinzi wa kiwanda au ya zimamoto wa kijiji. Hata mita ya kilomita haina budi kuulizwa maswali, kwa kuwa gari la polisi husimama saa nyingi injini ikinguruma, ofisa akiwa kazini na gurudumu halizunguki. Kilomita chache si lazima ziwe dalili ya injini iliyopumzika. Sisi Wakenya, ambao wengi wetu hununua magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, hatuhitaji kuelezwa zaidi kwamba mita si Msahafu.

Shahidi wa pili ni nambari ya chesisi. Tangu magari ya mwaka wa 1981, kila gari linalouzwa Marekani huwa na nambari yenye tarakimu na herufi 17. Herufi za I, O na Q hazitumiwi, maana zaweza kudhaniwa kuwa moja au sifuri. Katika Crown Victoria za polisi, kwa miaka mingi nafasi ya tano hadi ya saba iliandikwa P71, na katika miaka miwili ya mwisho, 2010 na 2011, ikawa P7B. Nambari hizo huanza na 2 na wala si 1, kwa sababu magari hayo, pamoja na umarufu wake kama alama ya barabara za Marekani, yaliundwa katika mji wa St. Thomas nchini Kanada. Anayekuletea gari la aina hiyo lenye nambari inayoanza na 1 inafaa aeleze limezaliwa wapi.

Hapa mwalimu wa hisabati ana kitu cha kuwapa wanafunzi wake. Nafasi ya tisa ya nambari hiyo ni mlinzi. Kila herufi hupewa thamani ya tarakimu, kila nafasi huzidishwa kwa uzito wake, majumuisho yake hugawanywa kwa 11, na baki ndilo linaloandikwa katika nafasi ya tisa. Baki likiwa 10, huandikwa X. Anayebuni nambari kichwani bila kuijua kanuni hiyo atanaswa na hesabu ya kugawanya kabla hajanaswa na polisi. Njia ya mwongo ni fupi, na safari hii urefu wake ni nafasi tisa.

Lakini shahidi huyu naye anao ukomo. P71 inathibitisha kuwa gari liliundwa kwa mahitaji ya polisi. Haithibitishi kwamba lilitumikia idara fulani, sembuse kwamba lilikuwapo katika tukio fulani. Kwa Caprice hali ni ngumu zaidi, kwani alama ya polisi, 9C1, huonekana katika kibandiko cha orodha ya vipuri ndani ya buti, na kibandiko chaweza kubanduka au kunakiliwa. Ama magari ya kabla ya 1981, kama ile Pontiac ya Wanamaji, nambari zake zilikuwa fupi na kila kiwanda kilifuata utaratibu wake. Isitoshe, ambulensi za zama hizo zilitengenezwa na makampuni ya kuunda bodi juu ya chesisi zilizotoka kwingine. Nambari ya kiwanda ingekwambia kuwa hiyo ni Pontiac, isikwambie ilimbeba nani.

Ndiyo maana shahidi wa tatu, karatasi, ndiye mkubwa wao. Hati ya kununuliwa na idara, daftari la matengenezo, orodha ya kugawa magari kwa vituo, picha ya zamani inayoonyesha nambari ya usajili, hati ya kuuzwa baada ya kustaafu: hizo ndizo zinazounganisha chuma na tukio. Hata hivyo karatasi nazo hazilingani. Barua iliyoandikwa na muuzaji siku moja kabla ya mnada ni maneno ya mwenye haja, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Karatasi bora ni ile iliyoandikwa wakati ule ule jambo lilipotendeka, na mtu ambaye hakuwa na faida yoyote ya kupata kutokana nayo. Karani aliyeandika gari fulani limebadilishwa magurudumu mwaka wa 1964 hakuwa akimfikiria mnunuzi wa mwaka wa 2011, na hapo ndipo ilipo nguvu ya ushahidi wake.

Mashahidi hao watatu wakikubaliana, mnyororo umekamilika tangu kiwandani hadi mlangoni pa mnunuzi. Pete moja ikikosekana, haki inataka tuseme kwamba imekosekana. Kusema "huenda" si aibu. Aibu ni kuificha "huenda" chini ya rangi mpya.

Nakala si kosa, kughushi ndiko kosa

Wako watakaouliza kama basi kila gari la kuigiza ni la kulaumiwa. La hasha. Filamu ya The Blues Brothers ya mwaka wa 1980 iliifanya Dodge Monaco ya 1974, iliyoelezwa humo kuwa gari la polisi lililostaafu, ipendwe duniani. Ghostbusters ya 1984 iliifanya vivyo hivyo Cadillac ya 1959 iliyoundwa na kampuni ya Miller-Meteor. Tangu hapo wapenzi wengi wamejitengenezea nakala zao. Nakala inayojitaja kuwa nakala haimdhulumu mtu. Ni kama mwanafunzi anayeigiza mfalme jukwaani, ambaye hakuna anayemwamkia kama mfalme baada ya pazia kufungwa. Dhuluma huanza pale mwigizaji anapodai kiti cha enzi.

Wengine hudhani kuwa gari halisi ni lile lisilobadilishwa kamwe. Hilo nalo si kweli. Lincoln Continental ya mwaka wa 1961 ambamo Kennedy alipigwa risasi haikuwekwa ghalani baada ya mauaji. Ilijengwa upya, ikawekewa paa la kudumu na silaha za kinga, ikapakwa rangi nyeusi, ikaendelea kuwatumikia marais hadi mwaka wa 1977. Leo imo katika jumba la makumbusho la Henry Ford huko Dearborn, jimbo la Michigan. Haifanani na ilivyokuwa siku ile, lakini hakuna anayeitilia shaka, kwa sababu kila badiliko lake linajulikana. Kwa hiyo uhalisi wa kitu umo katika ukamilifu wa habari zake, hata kama umbo lake limegeuka mara kumi.

Thamani bila bei

Sasa nigeukie thamani, kwani nahofia kuwa vijana wetu wakisikia neno hilo hufikiria bei tu. Gari la dharura lililostaafu lina thamani ya matumizi, na hiyo hupungua kila siku. Lina thamani ya soko, nayo hupanda na kushuka kwa mapenzi ya watu. Lakini lipo fungu la tatu, thamani ya kumbukumbu, ambalo haliuziki mnadani. Katika makumbusho ya Septemba 11 mjini New York limehifadhiwa gari la ngazi la kikosi namba 3 cha zimamoto, likiwa limevunjika na kukunjika. Wazimamoto wake waliopanda katika mnara siku ile ya mwaka wa 2001 hawakurudi. Kama chombo cha usafiri gari hilo ni chakavu lisilofaa hata kuvutwa. Kama ushahidi, hakuna fedha ya kuliwekea bei.

Thamani ya namna hiyo haikuwekewa magari ya watu mashuhuri pekee. Nichukue mfano wa ambulensi ya kawaida ya Cadillac, ya miaka ya 1960, ambayo haikumbeba rais yeyote. Msomaji atashangaa kusikia kuwa ambulensi nyingi za Marekani wakati huo zilimilikiwa na wenye nyumba za mazishi. Walikuwa nazo kwa sababu gari la maiti ndilo lililokuwa refu kiasi cha kumlaza mtu, na makampuni kama Miller-Meteor yaliunda magari yaliyoweza kufanya kazi zote mbili, asubuhi mgonjwa na jioni jeneza. Ripoti ya Baraza la Taifa la Sayansi la nchi hiyo ya mwaka wa 1966 ilieleza kuwa takriban nusu ya huduma za ambulensi ziliendeshwa na watu wa mazishi, na ikalaumu udhaifu wa huduma kwa majeruhi. Ndipo mafunzo na viwango vipya vikaja, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 ambulensi za Cadillac zilikuwa zimetoweka viwandani.

Basi gari moja la aina hiyo, likiwa na karatasi zake za nyumba ya mazishi na machela yake ya asili, humfundisha mwanafunzi wa historia ya tiba jambo ambalo ambulensi ya Kennedy, hata ingekuwa halisi, isingemfundisha. Linamwonyesha kwamba mgonjwa na maiti walipanda chombo kimoja, tena si zamani za kale. Mwenye gari hilo akilipamba kwa nembo za hospitali ambayo halikuitumikia, ili apate wateja, atakuwa ameufuta ushahidi wenyewe ili kuuza uongo mdogo.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya kweli. Mnunuzi aliyepoteza dola zake ni mtu mzima na fedha ni zake. Anayedhulumiwa zaidi ni mtoto atakayezaliwa kesho, ambaye ataletwa na mwalimu wake mbele ya gari, aambiwe auguse mlango huu kwani mjane fulani aliushika, kumbe hakuushika. Mtoto huyo hana njia ya kujua. Akili yake itajenga historia juu ya msingi wa rangi na skrubu. Na siku atakapogundua alidanganywa katika hilo, ni nani atakayemshawishi aamini yale mengine ambayo ni kweli?

Kwa sababu hiyo nawasihi walimu wa historia wasiishie kuwataka wanafunzi wakariri kuwa kuna vyanzo vya maandishi, vya simulizi na vya vifaa. Wawape kifaa na kuwauliza: mashahidi wake ni nani? Nani aliandika karatasi hii, lini, na alitarajia kupata nini? Ni kitu gani hapa kingeweza kuongezwa jana? Si lazima kifaa hicho kiwe gari la Marekani. Kengele ya shule itafaa, na kiti cha chifu wa zamani kitafaa vile vile.

Na kwetu Kenya jambo hili lina upande wa vitendo. Hospitali, kaunti na idara za serikali huyauza kwa mnada magari yaliyochakaa, na ni haki zifanye hivyo. Kila gari la serikali huwa na karatasi ambamo dereva hujaza safari zake, akataja alikotoka, alikokwenda na kilomita alizotembea. Gari linapouzwa, karatasi hizo hudhaniwa kuwa takataka. Katika karatasi za ambulensi ya kaunti ya mbali mnaweza kusomeka, kwa mkono wa dereva asiyejiona kuwa mwandishi, ni akina mama wangapi waliokimbizwa hospitalini usiku, na barabara gani haikupitika wakati wa masika. Chuma na kipelekwe mnadani, lakini karatasi zipelekwe katika maktaba au hifadhi ya nyaraka iliyo karibu. Hazitagharimu zaidi ya sanduku moja na rafu.